Namba kwenye karatasi ya miwani yako

Wasomaji wangu, niliahidi kwamba makala inayofuata itakuwa juu ya hifadhidata. Ahadi ni deni, nitalilipa. Lakini leo niruhusuni nitoke nje ya mada kidogo, na mkivumilia mpaka mwisho mtaona kwamba sikutoka mbali sana.

Kabla hujaendelea, fanya jambo moja. Kama unavaa miwani kwa sababu huoni vitu vya mbali, itafute ile karatasi uliyopewa dukani ulipopimwa mara ya mwisho. Iko kwenye droo, iko kwenye pochi ya miwani, au uliipiga picha ikapotelea kwenye simu. Utaona mistari miwili, mmoja wa jicho la kulia na mwingine wa jicho la kushoto, na namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Labda −1.25. Labda −3.00. Yangu ilisomeka −8.25 kulia na −9.50 kushoto.

Kwa miaka mingi nilikuwa naiona namba hiyo kama mtu anavyoiona saizi ya kiatu chake. Mguu ni namba tisa, basi nunua namba tisa, mambo yamekwisha. Hoja yangu leo ni kwamba hiyo si saizi ya kiatu. Ni onyo. Tena ni onyo ambalo tayari limeandikwa kwenye kompyuta za maduka ya miwani, mwaka baada ya mwaka, na hakuna anayelisoma.

Tuanze na maana ya namba yenyewe. Inapimwa kwa dayopta, yaani nguvu ya lenzi inayohitajika ili picha itue mahali pake nyuma ya jicho. Kwa wengi wetu tusioona mbali, hali ambayo madaktari huiita mayopia, chanzo ni kwamba jicho lenyewe limerefuka kupita kiasi. Jicho la kawaida la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Kila milimita moja inayozidi huleta kama dayopta mbili na nusu hadi tatu za mayopia. Madaktari wengi huita mayopia kali ile iliyofika −6 au kupita hapo, na kwa kipimo cha urefu, jicho la milimita 26 na zaidi. Jicho langu la kushoto lilipopimwa kwa mashine lilipita 27.

Milimita tatu ni kitu gani? Utasema ni unene wa sarafu mbili. Lakini fikiria chapati. Ukilichukua donge lile lile la unga ukalisukuma liwe pana zaidi, unga hauongezeki. Chapati inakuwa nyembamba, na mara nyingi huanza kutoboka pembeni. Ndani ya jicho kuna tabaka linaloitwa retina, ambalo ndilo linalopokea mwanga na kuutuma kwenye ubongo. Unene wake haufiki hata nusu milimita. Jicho likirefuka, retina haiongezewi unga. Inavutwa.

Madhara ya kuvutwa huko ni ya aina mbili kubwa. Kuna yale ya pembeni: sehemu zinakonda, zinatoboka au zinachanika, halafu majimaji ya ndani ya jicho yanapenya kwenye ule mpasuko na kuibandua retina kama karatasi ya ukutani iliyoingiwa na maji. Kuna na yale ya katikati, sehemu iitwayo makula, tunayoitumia kusoma na kutambua nyuso. Hapo tishu hukonda na kupata nyufa, na wakati mwingine mishipa midogo isiyofaa huota na kuvuja damu. Ukipata hiyo ya mishipa, mistari iliyonyooka huanza kuonekana imepinda, na siku hizi kuna sindano za ndani ya jicho zinazoweza kuizuia ikiwahiwa. Ile ya kukonda taratibu haina tiba ya kuirudisha. Japan na sehemu za Uchina, uharibifu wa makula unaotokana na mayopia ni miongoni mwa sababu kuu za watu kupoteza kuona moja kwa moja. Juu ya hayo, wenye macho haya hupata glakoma zaidi, na mtoto wa jicho huwajia mapema.

Hapo ndipo penye kosa letu kubwa. Tunadhani miwani imetibu. Kwa lugha ya kazi yangu, miwani ni kiraka kwenye kioo cha kuonyeshea. Mtumiaji anaona kila kitu kimenyooka, lakini diski nyuma inaendelea kuchakaa vile vile. Upasuaji wa leza wa kuacha miwani, ambao vijana wengi wa ofisini kwetu wanauwekea akiba, nao ni hivyo hivyo. Unachonga konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, ili picha itue vizuri. Urefu wa jicho haupungui hata kidogo. Rafiki yangu aliyekuwa −7 na leo anasoma bila miwani bado ana jicho la −7 kwa ndani. Hatari imebaki, ila sasa amepoteza hata ile namba ya kumkumbusha.

Na sisi watu wa kompyuta tuna kosa letu la ziada, kwamba kila kitu cha macho tunakisukumia skrini. Skrini huchosha macho, huyakausha kwa sababu tunasahau kupepesa, lakini si skrini inayochana retina ya mtu mzima. Zile lenzi za kuzuia mwanga wa bluu nazo, tunazouziwa kila kona, mwaka 2023 shirika la Cochrane lilikusanya majaribio 17 yaliyofanyika nchi mbalimbali na halikuona kwamba zinapunguza uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida kwa muda mfupi uliochunguzwa. Nazitaja kwa sababu zimo kwenye kisa changu.

Ilikuwa Machi 2023, Jumanne usiku. Tulikuwa tunahamisha mfumo wa malipo wa mteja kwenye seva mpya, na kazi ilitakiwa iwe hewani Jumatatu iliyofuata. Nikitoka chooni kwenye ukumbi wenye giza nikaona mwale upande mmoja wa jicho la kushoto, kama radi ya mbali isiyo na ngurumo. Nikageuza jicho, ukarudi. Nikasema ni usingizi. Asubuhi nikaamka na madoa meusi yanaelea, mengi, kama masizi ya jiko la mafuta ya taa. Hakuna maumivu. Retina haina mishipa ya kuhisi maumivu, kwa hiyo inachanika kimya kimya.

Alhamisi nikajitahidi, nikaenda kwenye duka la miwani ninalolitumia tangu niajiriwe. Sitalitaja. Nilipimwa na kijana mmoja mwenye adabu sana. Akanikalisha mbele ya ubao wa herufi, nikasoma mpaka mstari wa mwisho kwa jicho moja moja. “Kaka, macho yako yako sawa kabisa,” akaniambia. “Huu ni uchovu wa kompyuta.” Nikatoka na lenzi za kuzuia mwanga wa bluu, shilingi 4,500, nikarudi kazini nikiwa na amani.

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sana hata sasa. Alipima kile alichofunzwa kupima. Lakini tazama alichopima. Herufi zinasomwa na makula, sehemu ndogo ya katikati. Mpasuko wangu ulikuwa pembeni kabisa, mahali ambapo ubao wa herufi haufiki. Ni kama kujaribu ukurasa wa kwanza wa tovuti, ukaona unafunguka, ukasema seva nzima iko salama.

Jumamosi likaja kivuli, chini upande wa pua, kama pembe ya pazia. Nikadhani ni uchafu kwenye miwani. Jumatatu tukazindua mfumo. Jumanne na Jumatano tukarekebisha makosa. Huenda ukauliza, mtu mzima anawezaje kutoona kwamba jicho linafungwa? Jibu ni kwamba tuna macho mawili. Ubongo unafanya kazi kama kile kifaa kinachogawa mzigo kati ya seva mbili: moja ikifa, kazi zote zinakwenda kwa nyingine na mtumiaji haambiwi kitu. Alhamisi asubuhi nikajipangusa jicho la kulia kwa kiganja, na skrini nzima ikatoweka. Zilikuwa zimepita siku tisa.

Daktari bingwa wa retina, hapa Nairobi, alinitia dawa ya matone ya kupanua tundu la mboni, akavaa taa yake kichwani na kuangalia kwa dakika chache. Kisha akanichorea kwenye karatasi. Retina ilikuwa imebanduka kuanzia juu, na kufikia siku hiyo ilikuwa imeshabanduka mpaka makula. Akaniambia neno ambalo bado linaniuma: “Ungekuja ile Jumatano ya kwanza, pengine ningekupiga leza kwa dakika chache ukarudi kazini kesho yake.”

Nimesoma sana tangu siku ile, na takwimu zinamuunga mkono. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba kati ya watu 100 wanaofika kwa daktari na miale au madoa ya ghafla yanayotokana na ute wa ndani ya jicho kujitenga na retina, takriban 14 hukutwa retina imechanika. Mpasuko wenye dalili kama zangu ukiachwa, angalau nusu huishia kubandua retina. Ukizungushiwa leza au kugandishwa kwa baridi mapema, hatari hiyo hushuka chini ya asilimia 5. Soma tena hapo. Kutoka nusu hadi chini ya asilimia 5, kwa tiba ya kwenye kiti, bila kulazwa. Ni tiba ngapi duniani zenye faida namna hiyo?

Na hata kubanduka kwenyewe si hukumu ya mwisho kama zamani. Mpaka miaka ya 1920, retina ikibanduka jicho lilihesabika limekwenda. Ni daktari mmoja wa Lausanne, Uswisi, Jules Gonin, aliyeonyesha kwamba chanzo ni ule mpasuko na kwamba ukiuziba retina inaweza kurudi. Leo upasuaji mmoja hurudisha retina mahali pake kwa karibu wagonjwa tisa kati ya kumi. Lakini kurudi mahali pake na kuona ni vitu viwili. Makula ikishabanduka, seli zake huanza kuharibika, na kila siku ina bei yake.

Mimi nilipasuliwa siku iliyofuata. Ute wa ndani uliondolewa, nikawekewa gesi ya kuisukuma retina ishikane na ukuta, na nikaambiwa nilale kifudifudi wiki nzima. Nikaambiwa pia kitu ambacho wakazi wa nchi ya milima kama yetu tunapaswa kukijua: ukiwa na gesi ndani ya jicho huruhusiwi kupanda ndege wala kupanda milima, kwa sababu hewa ikipungua uzito gesi hutanuka na kuliminya jicho. Mjomba wangu alikuwa na sherehe ya ruracio Nyahururu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, Nyahururu inapita 2,300. Daktari akakataa kata kata. Mjomba alinuna mpaka nilipomtumia picha ya jicho. Fikiria basi aliyepasuliwa Mombasa, usawa wa bahari, halafu akapanda gari moshi kurudi Nairobi bila kuambiwa.

Mwaka uliofuata nikapata mtoto wa jicho kwenye jicho hilo hilo, jambo la kawaida baada ya upasuaji wa namna ile, akaondolewa. Leo jicho la kushoto linaona herufi kubwa tu za juu ya ubao, na mstari ulionyooka unaonekana umepinda. Nikifunga la kulia siwezi kutofautisha { na (. Kwa mtu anayeandika programu, hiyo si habari ndogo. Na lile la kulia ni −8.25.

Sasa nirudi kwenye karatasi. Duka lile lilinipima kila baada ya mwaka au miwili kwa miaka kumi na mmoja. Niliomba nakala ya kumbukumbu zangu wakanichapishia bila shida: tarehe, jicho la kulia, jicho la kushoto, aina ya fremu, kiasi nilicholipa. Mara saba mfumo wao uliandika namba inayopita −9. Mara saba mtu aliibonyeza kwenye kompyuta akaihifadhi. Na mara saba niliondoka pale bila kuambiwa sentensi moja: “Kwa namba hii, nenda ukapimwe nyuma ya jicho.” Wakati huo huo mfumo ule ule haukusahau kunitumia ujumbe kila Desemba kuhusu punguzo la fremu.

Hapo ndipo nikajua kwamba hili ni suala langu, la kitaaluma. Wenzangu mnaoandika mifumo ya maduka haya, na mko, nawajua wengine kwa majina, angalieni:

kama dayopta ya jicho lolote imefika −6.00 au kupita:
    chapisha onyo kwenye risiti
    panga ujumbe wa simu kila baada ya miezi 12

Mistari mitatu. Haihitaji akili bandia, haihitaji wingu, haihitaji mfadhili. Ujumbe wenyewe ungetosha kwenye simu ya mulika mwizi: Miwani yako ni ya namba kubwa. Inakusaidia kuona lakini haitibu nyuma ya jicho. Pimwa retina kila mwaka kwa dawa ya kupanua mboni. Ukiona miale, madoa mengi ya ghafla au pazia jeusi, nenda hospitali ya macho siku hiyo hiyo.

Mtu atasema, mbona huzungumzii teknolojia kubwa zaidi? Tuna simu zinazopiga picha nyuma ya jicho. Ni kweli, na sisi Wakenya tuna haki ya kujivuna kidogo, maana programu ya Peek ya kupima uwezo wa kuona kwa simu ilijaribiwa Nakuru na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015. Lakini nataka tuelewe kilichofanya kazi. Katika jaribio la shule 50 za Trans Nzoia, lililochapishwa mwaka 2018, watoto waliogunduliwa kuwa na tatizo la macho waligawanywa. Wale ambao wazazi na walimu wao walipata picha ya jinsi mtoto anavyoona pamoja na ujumbe wa kuwakumbusha kwa simu, asilimia 54 walifika hospitali. Wale waliopewa barua ya kawaida, asilimia 22. Kamera haikuwa siri ya mafanikio hayo. Siri ilikuwa kufuatilia. Mtu alikumbushwa, akaenda.

Kuhusu picha za retina kwa simu, faida yake ni kubwa kwa wagonjwa wa kisukari na kwa matatizo ya katikati. Ila picha ya kawaida haifiki pembeni, na pembeni ndiko mipasuko mingi inakoanzia. Kwa mwenye mayopia kali, picha safi ya katikati inaweza kumpa amani ile ile ya uongo niliyoipata mimi kwenye ubao wa herufi. Bado anahitaji matone, taa ya kichwani na jicho la mtu aliyesomea.

Nimewaeleza watu kadhaa wazo hili na pingamizi hazikukosekana. Nizijibu tatu.

Ya kwanza ni kwamba tutatisha watu. Hili nalichukua kwa uzito. Kubanduka kwa retina si jambo la kila siku, ni kama mtu mmoja kati ya 10,000 kwa mwaka ukichukua watu wote. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1993 ulikuta kwamba mayopia ya kati ya −1 na −3 huongeza hatari hiyo mara nne, na inayopita −3 huiongeza mara kumi. Mara kumi ya kitu kidogo bado ni kidogo: tuseme mmoja kati ya 1,000 kwa mwaka. Lakini huishi mwaka mmoja, unaishi miaka hamsini na jicho hilo. Sisi tunaweka nakala za akiba za seva zetu kwa hatari ndogo kuliko hiyo, na hakuna anayesema tunatishana.

Ya pili ni kwamba madaktari wa retina ni wachache na wengi wako Nairobi na miji mikubwa. Kweli kabisa. Ndiyo maana kizingiti ni −6 na si kila mvaa miwani. Zaidi ya hayo, uchunguzi wa kwanza haulazimiki kuanzia kwa bingwa. Nchini tuna matabibu wa macho kwenye hospitali nyingi za kaunti, wanaojua kutia matone na kuangalia nyuma ya jicho, kisha wakampeleka mbele yule anayestahili. Niseme pia ukweli mwingine: kupimwa pekee si kinga kamili. Sehemu nyingi dhaifu zikionekana haziguswi, daktari anakuambia zilipo na uziangalie. Faida kubwa ni kwamba unatoka pale ukizijua dalili, na siku zikija hutapoteza siku tisa.

Ya tatu ni faragha. Namba ya miwani ni habari ya afya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inailinda. Sawa. Basi mteja aulizwe anapopimwa, atie sahihi. Ila maduka yanayonitumia matangazo ya fremu bila kuniuliza yasinifundishe faragha siku ninapoomba onyo la kuokoa jicho.

Ningeongeza neno kwa wanaosimamia bima za kazini. Bima yangu ilikuwa tayari kunilipia fremu mpya bila swali lolote. Uchunguzi wa retina ukiwa huna dalili, niliambiwa haumo. Upasuaji ulipokuja wakalipa sehemu, nami nikalipa iliyobaki, na kwa fedha hizo tungepima ofisi nzima kwa miaka. Yaani tunalipia ganda, hatulipii yai.

Na kwa wazazi: jicho likisharefuka halifupiki, kwa hiyo nafasi kubwa ni utotoni. Huko Guangzhou, Uchina, shule zilizoongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku ziliona baada ya miaka mitatu watoto waliopata mayopia ni asilimia 30, dhidi ya karibu 40 kwenye shule nyingine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Kuna pia matone na lenzi maalumu za kupunguza kasi ya kurefuka kwa jicho la mtoto, muulize daktari wa macho. Jua tunalo la bure mwaka mzima, halafu tunamfungia mtoto ndani na tableti na kitabu cha ziada. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 yanasema ifikapo 2050 nusu ya dunia itakuwa na mayopia, na watu milioni 938 watakuwa na ile kali. Sioni kwa nini watoto wetu wakimbilie kujaza idadi hiyo.

Haya, turudi kwako wewe na karatasi yako. Kama ni −6 au zaidi, au ilikuwa hivyo kabla hujafanyiwa leza, panga siku ukapimwe nyuma ya jicho kwa matone. Usiendeshe gari kwenda huko, maana utatoka na ukungu kwa saa kadhaa na jua litakuchoma. Panda matatu, beba kofia, na usijipangie kazi ya haraka alasiri hiyo. Hata kama namba yako ni ndogo, zizoee dalili: miale pembeni, madoa mengi ya ghafla, kivuli au pazia. Na kila asubuhi unapopiga mswaki, ziba jicho moja, tazama fremu ya mlango, kisha ziba jingine. Sekunde kumi. Mimi hufanya hivyo sasa, nikisubiri kuona kama mlango wa jicho la kulia bado umenyooka.

Leo asubuhi ulikuwa umenyooka.

Wiki ijayo hifadhidata, safari hii kweli. Na kama wewe ndiye uliyeandika mfumo wa duka lile, ile mistari mitatu chukua bure.